KWA NINI MBUZI HUTUPA MIMBA?

 

Leo nimeshika barua mkononi. Imeandikwa na mama mmoja mfugaji wa Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma. Ni barua ya kurasa mbili na kwa kweli inasikitisha. Mama huyu anasema ana mbuzi majike tisa, na saba kati yao walikuwa na mimba. Katika muda wa wiki tatu wanne wametupa, mmoja baada ya mwingine, na wa tano amezaa kitoto dhaifu kilichokufa siku ya pili. Jirani amemwambia kwamba huo ni mkono wa mtu. Mumewe anataka mbuzi wote wapelekwe mnadani kabla hasara haijazidi, na fedha zitakazopatikana zinunue wengine. Yeye anauliza: afanye nini? Halafu mwisho kabisa wa barua, kama jambo dogo tu la kupitia, ameongeza kwamba kijana wake anayechunga, na ambaye huwasaidia mbuzi wakati wa kuzaa, ana homa inayokuja na kuondoka tangu mwezi uliopita. Amepimwa malaria mara mbili, hana.

Mama, hilo la mwisho ndilo ambalo mimi ningelianza nalo. Lakini tusikilizane polepole, tutalifikia.

Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150 hivi, yaani miezi mitano. Kitoto kikitoka kabla ya wakati wake, kikiwa kimekufa au kidhaifu kiasi cha kutoweza kuishi, ndipo tunaposema mbuzi ametupa mimba. Hata hivyo si kila mimba inayopotea hupotea mbele ya macho yetu. Mimba changa ikifa huyeyukia tumboni. Wewe unachoona ni kwamba jike amerudia kutaka beberu, ukaanza kumlaumu beberu wa watu bure. Tena kuna mimba ya maji. Tumbo la mbuzi linakua, unahesabu miezi, unafurahi, kisha siku moja unakuta mkia umelowa na tumbo limenywea, na hakuna kitoto wala kondo la nyuma. Huyo hakutupa kitu. Hakuwa na mimba, ni maji tu yaliyokuwa yamejaa katika mji wa uzazi.

Katika kundi kubwa, mmoja mmoja kutupa si ajabu. Wataalamu huanza kuwa na wasiwasi wanapoona zaidi ya watano katika mia. Sasa wanne katika saba, ndugu zangu, si bahati mbaya. Hapo kuna sababu, na sababu hiyo inatafutika.

Watu wengi huuliza kwa nini mbuzi atupe kwa urahisi kuliko kondoo aliye naye zizi moja. Ni swali zuri. Yai likishatoka katika kokwa ya uzazi ya jike, mahali lilipotoka hubaki uvimbe mdogo wa rangi ya manjano. Uvimbe huo hutoa homoni inayoishikilia mimba isitoke. Kwa kondoo, mimba ikifikia miezi miwili hivi, kondo la nyuma lenyewe huanza kutoa homoni hiyo, kwa hiyo kuna walinzi wawili. Mbuzi hana mlinzi wa pili. Anautegemea uvimbe ule mdogo tangu siku ya kwanza mpaka siku ya kuzaa. Jambo lolote litakaloutikisa, iwe njaa, homa kali, hofu kubwa au sindano isiyofaa, linaweza kuiangusha mimba ambayo haikuwa na ugonjwa wowote.

Tuanze na njaa basi, maana watu hupenda kusikia majina ya magonjwa, wakaisahau njaa. Kitoto cha mbuzi hukua taratibu sana katika miezi mitatu ya mwanzo. Sehemu kubwa ya uzito wake, zaidi ya nusu, huongezeka katika wiki sita hadi nane za mwisho. Sasa hebu fikirini hali ya Dodoma. Mbuzi aliyepandwa mwezi wa Juni atazaa mwezi wa Novemba. Miezi yake miwili ya mwisho ni Septemba na Oktoba, wakati majani yamekwisha, maji yako mbali, na mbuzi anatembea kutwa nzima kutafuta maganda yaliyoanguka chini ya migunga. Mwili wake ukiona hauwezi kulisha wawili, huiachia mimba. Mara nyingi hutokea mwezi wa nne. Kitoto hutoka kikiwa safi, pengine kidogo kuliko kawaida. Kondo la nyuma halina usaha wala harufu. Na mama yake, ukiacha kukonda, hana ugonjwa unaoonekana. Mbuzi mwenye mapacha ndiye huumia zaidi.

Dawa ya hilo si sindano. Ni magunia machache ya maganda ya migunga yaliyookotwa na kuwekwa akiba, majani ya lusina yaliyokaushwa kivulini, pumba kidogo jioni, jiwe la chumvi na maji ya kutosha. Na kwa anayeweza, ni kumzuia beberu. Wamaasai humfunga beberu kipande cha ngozi chini ya tumbo ili asipande kwa wakati usiotakiwa. Ni utaalamu wa siku nyingi na hauhitaji fedha. Beberu akiachiwa mwisho wa Septemba, watoto watazaliwa mwisho wa Februari, na mimba itakuwa imekomaa wakati mama anakula majani mabichi.

Kuna na mikono yetu wenyewe. Mbuzi wajawazito wanabanwa kwenye mlango mwembamba wa zizi, wanapigana pembe kwenye hori moja, wanafukuzwa na mbwa, wanapakiwa kwenye lori kama magunia. Wengine hupewa dawa bila kuuliza. Dawa ya minyoo ya albendazoli haifai kwa mbuzi aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba. Dawa kali za kupunguza uvimbe, zile za jamii ya kotisoni, zinaweza kumtupisha mbuzi aliye karibu kuzaa. Anayekuchomea mbuzi sindano mwambie kwanza kama ana mimba, na ya miezi mingapi. Usingoje akuulize.

Lakini mama wa Kongwa hakuandika habari za njaa. Anasema mbuzi wake walikuwa na hali nzuri, wote waliotupa walikuwa katika mwezi wa nne au zaidi, na wawili walichelewa kutoa kondo la nyuma. Naye beberu, anasema, aliazimwa kutoka kijiji cha pili. Hapo ndipo napoanza kufikiria vijidudu.

Upo ugonjwa ambao jina lake la Kiswahili ni kazi yake: ugonjwa wa kutupa mimba. Wataalamu huuita brusela. Humshika mbuzi, kondoo na ng'ombe, na binadamu pia. Jike huambukizwa anapolamba au kula kitu kilichochafuliwa na majimaji ya mwenzake aliyetupa. Vijidudu hukimbilia kwenye kondo la nyuma na kuliharibu, na mimba hutoka, mara nyingi kuanzia mwezi wa nne. Beberu mgonjwa anaweza kuvimba korodani, ingawa wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Wapo mbuzi wanaovimba magoti.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba unadanganya. Mbuzi aliyetupa mwaka huu anaweza kuzaa salama mwakani, nanyi mkasema amepona. Wapi! Anaendelea kutoa vijidudu katika maziwa yake na katika uchafu wa uzazi. Hakuna tiba ya kutegemewa kwa mbuzi aliyeambukizwa.

Jina la brusela linatokana na daktari mmoja wa jeshi la Waingereza, David Bruce, ambaye mwaka 1887 alikiona kijidudu hicho katika maiti za askari waliokufa kwa homa kisiwani Malta, katika bahari ya Mediteranea. Ni Bruce yuleyule ambaye baadaye alifanya kazi ya kuchunguza ugonjwa wa malale huko Uganda. Lakini kukiona kijidudu ni jambo moja, kujua kinatoka wapi ni jambo jingine. Miaka 18 ilipita. Mwaka 1905 daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi wa kisiwani. Mbuzi wale walikuwa wanene, wazuri wa macho, na maziwa yao yalikuwa yakikamuliwa mlangoni mwa mnunuzi. Akakuta ugonjwa uko ndani yao. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa kambini ikapungua sana. Kumbukeni, mbuzi wenyewe hawakuonekana wagonjwa.

Sasa turudi kwa kijana wa mama. Brusela kwa binadamu huleta homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, na uchovu usiokwisha. Inafanana na malaria, ndiyo sababu watu humeza dawa za malaria mpaka wanachoka. Mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana mpya kazini, nilimvuta kitoto mfu wa mbuzi kwa mikono mitupu, tena nikiwa na kidonda kidoleni. Nilitaka wazee waone kwamba bwana mifugo haogopi kazi. Nililala miezi miwili. Kwa hiyo mama, mpeleke kijana hospitali, naye aseme wazi kwa daktari: "Mimi nachunga mbuzi, na mbuzi wetu wametupa mimba." Asipolisema hilo, daktari hana njia ya kulijua. Ugonjwa huu kwa binadamu unatibika, lakini si kwa vidonge vya siku tatu; ni dawa za aina mbili kwa pamoja kwa wiki sita hivi, na asiziache akijisikia nafuu.

Na maziwa yachemshwe. Nasema yachemke mpaka yafure, si kupashwa moto tu. Najua wako wanaosema maziwa yakigandishwa kuwa mtindi yanakuwa salama. Si kweli. Chemsha kwanza, yapoe, kisha gandisha.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema ni brusela. Kwa macho hakuna awezaye kuapa, hata mimi. Upo ugonjwa wa klamidia, ambao huwatupisha mbuzi zaidi katika wiki mbili tatu za mwisho. Kondo la nyuma huwa nene kama ngozi na lina uchafu kama usaha. Huu una dawa kama daktari wa mifugo ataitwa mapema kuwaokoa waliobaki. Ipo homa iitwayo homa ya Kyu, ambayo vijidudu vyake hukauka pamoja na uchafu wa uzazi, vikapeperuka na vumbi la zizi na kuingia puani mwa watu. Na upo ugonjwa wa toksoplasma, unaoletwa na paka. Paka mchanga anapojisaidia juu ya pumba au majani makavu ya ghalani, mbuzi mjamzito akala, mimba inaweza kufa. Wakati mwingine kitoto hutoka kimekauka kama kipande cha ngozi. Funikeni chakula cha mifugo. Paka ni wa kulinda ghala, si wa kulala ndani ya gunia la pumba.

Magonjwa yote hayo manne yanaweza kumwingia mtu. Mwanamke mjamzito asishike kabisa mbuzi anayezaa wala anayetupa, wala asifagie zizi hilo. Hili halina mjadala.

Kuna jingine ambalo watu wa Dodoma wanalikumbuka vizuri: Homa ya Bonde la Ufa. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa na kutupa mimba katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Huletwa na mbu. Mbu wa aina fulani hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde na vidimbwi vya msimu. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu ardhini kwa miaka, mengine yakiwa na virusi ndani yake, yakingoja mafuriko. Mvua ikizidi kiasi, mbu hutoka kwa wingi. Ndivyo ilivyokuwa mwisho wa mwaka 2006 huko Kenya na mwanzo wa 2007 hapa Tanzania, na Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyopigwa vibaya. Katika kila moja ya nchi hizi mbili walikufa watu zaidi ya 100.

Namna ya kuitambua ni hii. Haitupishi mbuzi mmoja leo na mwingine wiki ijayo. Huja kama dhoruba. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wanatupa kwa pamoja, mimba changa na mimba pevu bila kuchagua, na vitoto vilivyozaliwa vinakufa kwa wingi. Ukiona hivyo baada ya mvua kubwa, usichinje, usichune, usile nyama ya mnyama mgonjwa. Toa taarifa siku hiyohiyo. Chanjo ipo, lakini ile ya zamani yenye virusi hai haifai kwa mnyama mwenye mimba kwa sababu yenyewe inaweza kumtupisha. Mpangilie na mtaalamu kabla ya msimu.

Magonjwa mengine nitayataja kwa haraka. Mbuzi mwenye homa kali yoyote anaweza kutupa. Sotoka ya mbuzi na kondoo hufanya hivyo, homa ya mapafu ya mbuzi hali kadhalika, na nagana ya mbung'o kwa wanaoishi karibu na mapori. Lakini huko utaona ugonjwa wenyewe kwanza, yaani makamasi, kuhara, kikohozi au kukonda, na kutupa mimba kunafuata nyuma.

Haya, mbuzi ametupa alfajiri. Ufanye nini? Kwanza usimguse kitoto wala kondo kwa mikono mitupu. Huna glavu? Vaa mifuko miwili ya plastiki katika kila mkono, ufunge kwa kamba kwenye kifundo. Fukuza mbwa na kuku. Mbwa akichukua kondo atausambaza ugonjwa kijiji kizima. Mtenge mbuzi yule peke yake, usimrudishe kundini mpaka uchafu umekatika kabisa, si chini ya wiki tatu. Kisha mpigie simu afisa mifugo wa kata. Kitoto na kondo vifungwe ndani ya mifuko miwili na kuwekwa mahali pa baridi, pamoja na barafu kama inapatikana, vikimngoja. Yeye atachukua sampuli pamoja na damu ya mbuzi, zipelekwe katika Wakala ya Maabara ya Veterinari, ambayo ina vituo katika kanda mbalimbali. Pengine atarudi baada ya wiki tatu kuchukua damu ya pili. Asionekane msumbufu, damu ya mara moja haisemi yote.

Afisa akishachukua anachohitaji, kilichobaki kizikwe katika shimo lenye kina cha zaidi ya mita moja, pamoja na matandiko yaliyolowa, juu wekeni chokaa, udongo na mawe. Palipochafuka pamwagiwe dawa ya kuua vijidudu, kisha paachwe wazi jua lipapige. Vijidudu vya brusela hufa haraka juani, lakini kwenye kivuli chenye unyevu hukaa muda mrefu.

Na andika. Daftari la shule la mtoto linatosha: mbuzi gani, alipandwa lini na beberu wa nani, alitupa lini, alikula nini, alipewa dawa gani, nani mgeni aliingia zizini. Bwana mifugo akikuta daftari hilo amepata nusu ya jibu kabla hajafungua mkoba.

Sasa hilo la mnada. Baba, nakuomba unisikilize. Naelewa hasara uliyoipata, na sikulaumu kwa kufikiria hivyo. Wengi hufanya hivyohivyo. Lakini mbuzi hao wakiuzwa kabla ya kupimwa watakwenda kwenye mazizi ya watu wengine, na watoto wao watakunywa maziwa hayo. Tena wale mtakaonunua badala yao mtawaingiza katika zizi lilelile lililochafuka, au mtawanunua kwa mtu aliyefikiri kama mlivyofikiri ninyi. Subirini majibu. Yakionyesha brusela, wale walioambukizwa wachinjwe kwa utaratibu, chini ya usimamizi wa afisa mifugo, na waliobaki wapimwe tena baadaye. Kama ni klamidia au toksoplasma, habari ni tofauti kabisa. Mbuzi aliyekwisha tupa kwa magonjwa hayo kwa kawaida hatupi tena kwa ugonjwa uleule, na kumuuza itakuwa ni kumtupa mbuzi wako mwenye kinga.

Kwa jirani anayesema ni mkono wa mtu, mjibuni kwa upole. Na yeye ana mbuzi, na pengine beberu alikuwa yuleyule. Mwambieni awapime wake.

Mama ameuliza pia atawapandisha tena lini. Wale wawili ambao bado wana mimba waachwe wazae mahali pao pekee, mbali na wengine. Waliotupa wasipelekwe kwa beberu yeyote mpaka majibu yafike, na hata yakiwa mazuri wapumzike miezi miwili au mitatu warudishe miili. Yule beberu wa kuazima asirudi kwenye zizi hilo, wala asipelekwe kwa mtu mwingine, kabla damu yake haijapimwa. Mwenye beberu naye aambiwe leo, asije akasikia kwa watu.

Mama wa Kongwa, ukishapata majibu ya maabara tuandikie tena, nasi tutayasoma hapahapa. Wiki ijayo tutazungumza juu ya kutunza vitoto vya mbuzi siku kumi za mwanzo. Kwaherini kwa leo.